Dola Tatu

Mjomba Livembe alihesabu fedha za watu
miaka thelathini na mmoja, benki ya Lindi,
dirisha la pili, lile lenye feni mbovu,
mpaka kidole gumba kikasagika
kama mwiko uliosonga ugali wa misiba.

Zake hazikuwa nyingi.
Mwisho wa mwezi alikata deni la dukani,
akabaki na nauli, na kashata za watoto.
Ila alikuwa na kopo la biskuti,
na ndani ya kopo, katikati ya kurasa za daftari,
noti za wafalme waliokwisha kuzikwa,
rupia za Mjerumani za wakati wa vita,
na moja aliyoifunika peke yake kwa plastiki,
kama mwali wa ndani:
dola tatu.

"Dola tatu haipo," walimcheka kijiweni Mtanda.
"Kuna moja, kuna tano. Hiyo umechora mwenyewe."
Akawaonyesha, bila kuwagusisha:
meli ya moshi, mwanamke na mundu wake,
ng'ombe mnene asiyejua kiangazi,
benki ya mji wa Marekani
ambao hakuna aliyeweza kuutamka,
mwaka elfu moja mia nane hamsini na tatu,
na chini, si chapa, ni wino wa mkono,
sahihi ya keshia.

"Huyu ni mwenzangu," alisema.
"Tazama, mwanzo wa jina mkono umenyooka,
mwisho unaburuta. Siku hiyo kasaini mia tano.
Benki ikafa, watu wakapanga foleni na noti zao,
na aliyesimama dirishani ni yeye."
Umeyajuaje, Mjomba?
"Nayajua madirisha."

Aliikuta Mikindani, duka linabomolewa,
noti imekaa alama ya ukurasa
kwenye daftari la gora za merikani.
Akatoa saa yake ya mkononi, akaichukua.
Bi Somoe hakumsemesha siku tatu,
siku moja kwa kila dola.

Amekufa Machi, mvua haikati.
Kopo limenijia mimi
niliyemsomea namba macho yalipofifia.
Akaja mnunuzi kutoka Dar, glovu nyeupe,
kioo cha kukuzia. Akaigeuza.

Noti zile nyuma hazikuchapwa kitu.
Na karani wa duka hakuacha uwanja ulale bure:
penseli, herufi za Kiarabu, mstari mmoja.
"Imechafuliwa," mnunuzi akaguna.
"Ingekuwa safi, milioni mbili.
Hivi ilivyo, laki na nusu.
Au ifute, ufutio laini, taratibu,
halafu nipigie."

Nikampelekea Mwalimu Fakihi wa madrasa.
Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasoma:
*Binti Nankoma. Doti mbili. Bado.*

Simjui. Ng'apa nzima imejaa kina Nankoma,
wawili wao wananidai chumvi.
Alizivaa kwenda wapi, doti zake?
Aliposikia hodi alijificha nyuma ya nyumba,
au alitoka akasimama, kifua mbele,
akasema mvua zikinyesha nitalipa?

Ufutio nilinunua, shilingi mia tatu.
Upo mezani. Mtoto kaanza kuutafuna.

Novemba chama cha msingi walinipa stakabadhi:
korosho, kilo mia mbili kumi na nne,
daraja la kwanza, malipo baada ya mnada.
Mnada ulipita. Sasa ni Februari,
salfa ya msimu ujao naulizia kwa mkopo.
Nimeitazama sahihi ya karani:
mwisho wa jina unaburuta.

Usiku huu nimeitia kwenye kopo,
karatasi juu ya karatasi,
yule keshia, na Binti Nankoma, na mimi.
Kisha nikaitoa tena, nikaigeuza.
Nyuma yake peupe kabisa.
Penseli ya mtoto iko wapi?